Maswali Arobaini na Moja Kabla ya Kwenda Kaskazini

Swali la kumi na saba ndilo lililoninyima usingizi. Mengine arobaini niliyaandika mchana kweupe, kwenye treni au wakati wa mapumziko kazini, nayo yalikaa ndani ya simu yangu kwa adabu yakingoja majibu. Mabomba ya maji yanaganda? Duka liko mbali kiasi gani, na basi la mwisho ni saa ngapi? Jua la Disemba linazama lini? Nguo za ndani za sufu zinawasha? Hayo ni maswali ya mtu mwoga, lakini yana majibu. La kumi na saba lilisema hivi tu: nani atamsomea mama barua?

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilikuwa na shahada mbili za mazingira, moja imetundikwa ukutani juu ya televisheni na nyingine bado imo ndani ya bahasha yake, na nilikuwa na kazi ya kuuza miwani ya jua katika duka moja la uwanja wa ndege. Siku tano kwa wiki nilitoka Rayners Lane, pembeni mwa London, tunakoishi mimi na mama, nikaenda Heathrow kuwauzia miwani watu wanaokwenda kwenye joto. Jioni nilirudi, nikatuma maombi ya kazi, nikangoja.

Kazi iliyojibu ilikuwa kaskazini kabisa mwa Uskoti, mahali ambapo kwenye ramani hapana kitu ila rangi ya kahawia. Ni nchi ya udongo wa mboji, majani yaliyooza nusu nusu kwa maelfu ya miaka mpaka yakawa ardhi chepechepe inayobonyea ukiikanyaga. Zamani watu waliichimbia mitaro ili ikauke. Siku hizi mitaro inazibwa, na anatakiwa mtu wa kuzunguka na kupima kama maji yanarudi. Nilikuwa nimeandika tasnifu nzima juu ya jambo hilo bila kuwahi kuikanyaga ardhi yenyewe. Sasa walinitaka kwa miaka miwili. Chumba kilikuwepo, katika nyumba ya mwanamke mjane, mbali na kijiji. Nijibu kabla ya Ijumaa ya wiki inayofuata, saa sita mchana.

Mtu mwingine angesema ndiyo au hapana. Mimi nilifungua ukurasa mpya kwenye simu nikaandika namba moja.

Ndivyo nilivyo. Kabla ya siku yangu ya kwanza chuoni niliifanyia mazoezi njia ya kwenda huko mara tatu, na mara ya tatu nilibeba begi lililojaa vitabu nione kama uzito utanichelewesha. Kwa hiyo kwa kazi ya Uskoti nilijitayarisha vilivyo. Nilitazama video za watu waliohamia shamba penye baridi, Norwe, Kanada na kwingineko, nikagundua kwamba maswali yangu wala si yangu. Kila anayetaka kuhamia pahala kama pale huuliza yaleyale: kuni, barabara, daktari, upweke. Na kila mara anayejibu ni mwanamume mwenye ndevu aliyesimama mbele ya rundo la magogo. Alijibu vizuri sana, lakini hakuna aliyemwuliza habari za nyama ya halali, wala kuhusu sala ya isha mahali ambapo usiku wa Juni hauingii giza.

Kumi na moja kati ya maswali nilimpelekea yule mjane mwenye nyumba kwa barua pepe. Alijibu siku hiyohiyo, mstari mmoja kwa kila swali. Mabomba: ndiyo, ukiacha bomba lichirizike kidogo hayagandi. Basi: mawili kwa siku, ila dereva akiumwa hakuna. Joto: jikoni ni la kutosha, kwingine vaa sweta. Mbwa: yupo, mzee, analala kibandani nje na hana haja na mtu.

Nilizisoma zile barua mara nyingi. Zilinipendeza. Nikaandika maswali mengine sita.

Lakini mama sikumwambia. Nilijiambia kwamba nataka nimpelekee jambo lililokwisha kuparwa magamba, si samaki mzima anayerukaruka. Ukweli ni kwamba niliogopa lile la kumi na saba. Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na moja, na tangu mwezi ule mimi ndiye msoma barua wa nyumba yetu. Mama anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Akirudi, anaweka bahasha za siku hiyo juu ya meza ya jikoni, anaketi mbele yangu bila hata kuvua sare, ananambia, "Haya, soma." Mimi nasoma kwa Kiingereza kimoyomoyo, namfasiria kwa Kiswahili, yeye anatikisa kichwa. Barua za hospitali, za boila inayopasha nyumba joto, za shule zangu mwenyewe. Miaka kumi na miwili hapakupita wiki bila sisi wawili kukaa hivyo. Kila nilipojiona niko kaskazini, nimevaa viatu vya mpira vya magotini, nilimwona pia mama pale mezani, ameketi mbele ya bahasha asizoweza kuzifungua.

Jumanne nilikuwa na mapumziko. Nikaamua kwenda Woolwich, upande wa pili wa mji, kumwuliza bibi.

Huyu si bibi yangu wa damu. Mama alipofika London kutoka Pemba alimkuta yeye amekwisha kuzoea, wakakaa chumba kimoja mwaka mzima, na tangu hapo ndiye mkubwa wetu sote katika mji huu. Na katika watu wote tunaowajua, ni yeye pekee aliyewahi kuishi kaskazini. Alipoingia nchi hii mara ya kwanza alipelekwa kwenye mji mdogo wa bandari huko Uskoti, akakaa misimu miwili ya baridi kabla hajateremka London. Niliona kwamba huyu ndiye mwenye ndevu wangu.

Mikono mitupu haiwezekani. Karibu na stesheni yetu kuna duka la mzee mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Kampala, anauza mihogo, chevda za kutafuna, na halua nzuri inayokuja ndani ya makopo. Nilichukua kopo kubwa.

"Halua," akasema. "Harusi?"

"Hapana, mzee. Naenda kumsalimia bibi tu."

"Kusalimia tu, kopo kubwa?" Alilishika kopo hakulitia mfukoni. "Chukua chevda, mama. Chevda ni ya kusalimia."

"Bibi anapenda halua."

"Wote wanapenda halua," akasema, akanipa.

Ningemsikiliza Mhindi yule, ningelala vizuri siku ile. Lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa mabomba.

Bibi anakaa orofa ya tatu, juu ya mtaa wa soko. Nilipiga hodi mlangoni kwake.

"Kengele huioni?" sauti ikatoka ndani. "Ingia, hapajafungwa."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo? Umekuja peke yako?" Akalitazama kopo mkononi mwangu, akanitazama mimi, akalitazama tena kopo. Alizima televisheni. Hilo lilipaswa kunishtua, kwa sababu bibi hazimi televisheni hata kwa wageni wa Idi. "Kaa. N'ambie."

"Nilitaka kukuuliza habari za kule juu, bibi. Uskoti. Nimepata kazi huko."

"Mashaallah! Kazi gani?"

"Kupima maji. Ardhini."

"Maji ya kisima?"

"Ya matope, bibi. Kuna matope maalumu."

Akanikazia macho. "Miaka mitatu chuo, kwenda kupima matope?"

"Minne, pamoja na ule wa shahada ya pili."

"Wa pili ulisoma nini?"

"Matope hayohayo."

Alicheka mpaka akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya mtandio. Kisha akaenda kupika kahawa, akaikata halua vipande vidogo kwenye sahani, na mimi nikatoa simu, nikaanza kumsomea.

Sijawahi kujibiwa vile. Baridi? "Baridi ni ya miguu. Soksi ya pamba ndani, ya sufu juu. Na usitoke na nywele mbichi, utazivunja kama tambi." Giza? "Disemba kunakucha saa tatu, saa tisa na nusu kushakuchwa. Adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana kama watoto wa skuli wanavuka njia. Ukienda dukani ukazubaa umekosa moja." Na Juni, isha? "Hilo muulize shehe, mie si shehe. Wapo wanaofuata saa za mji wa karibu. Mie nilikuwa nafunga pazia nasali, Mungu anajua mie ni mgeni." Kufunga? "Ramadhani siku hizi ishaingia kwenye baridi. Kule utafunga ukiwa umelala." Nyama? "Samaki. Mbona mtoto wa Pemba unaniuliza nyama?"

"Na watu, bibi? Wanakutazama?"

"Walinitazama. Nami niliwatazama. Wiki ya tatu tukachoka wote."

Kila jibu lilipotoka nilihisi kitu kinalegea nyuma ya shingo yangu. La kumi na saba sikumsomea. Nililiruka, nikaendelea na la kumi na nane.

Tulipomaliza, bibi aliinuka akaenda kunawa. Alirudi na koti mkononi, la ngozi ya kondoo, zito kama mtu, linanuka dawa ya nondo. Akaliweka mapajani mwangu. Kisha akasimama mbele yangu, akaniwekea mkono wa kulia utosini, akasoma. Alisoma kwa muda mrefu, akanipulizia usoni, akasema, "Radhi zangu zote unazo. Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie."

Nilitokwa na machozi kidogo. Nilidhani wazee huwaombea watu wote namna hiyo.

Simu haishiki chini ya ardhi. Nilisafiri nimelipakata lile koti, nimetulia kuliko nilivyokuwa siku zote sita zilizopita, na treni ilipopanda juu kwenye mwanga, simu ilianza kutetemeka mfululizo. Safari njema. Hongera, mtoto wetu. Uskoti, mashaallah, usitusahau. Mwambie mama yako Jumapili wali tunaleta sisi. Nilikuwa bado naangalia meseji hizo, sizielewi, shangazi yangu wa Hounslow akapiga.

"Kumbe sisi si watu?" akaanza, hata salamu hakunipa. "Woolwich umekwenda, Hounslow hukuona njia?"

"Shangazi, shikamoo. Nimefanya nini?"

"Bibi kanipigia. Ati umekwenda kumuaga, umempelekea na halua kopo zima, umelia, kakusomea, kakupa koti lake. Mie najua lini? Nipo njiani hapa, sijui hata nikupe nini."

Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Kwetu, mtu anayekwenda mbali huanza kwa mkubwa. Huenda kwake peke yake, amechukua kitu kitamu, anaketi, anaieleza safari yake, anasomewa, anapewa radhi. Akitoka hapo huzunguka kwa wengine, nyumba kwa nyumba, kwa kufuata umri. Nimeona binamu zangu wakifanya hivyo, mmoja baada ya mwingine. Nami, mwenye maswali arobaini na moja, nilikuwa nimekwenda kwa mkubwa, peke yangu, na kopo la halua, siku ya Jumanne isiyo na sikukuu, nikaieleza safari. Bibi hakunielewa vibaya. Aliyaona niliyoyafanya, basi.

Na mtu haanzi kumuaga mkubwa kabla nyumbani kwake hawajajua. Hilo bibi hakuhitaji kuliuliza. Ni nani angekwenda kuaga kabla mama yake hajui?

Kutoka stesheni hadi nyumbani ni mwendo wa dakika tisa. Nilitumia dakika ishirini na tano. Nikiwa njiani nilijikuta nafikiri: mtu akishaombewa safari kisha asisafiri, ile dua inakwenda wapi? Likawa swali la arobaini na mbili, ila hilo sikuliandika.

Mama alikuwa jikoni anamenya mihogo. Simu yake ilikuwa mezani, ameilaza kifudifudi, inatetemeka juu ya mbao. Hakuitazama. Alilitazama koti.

"La bibi," akasema. "Nalijua. Nimelivaa mie mwaka mzima."

"Mama, nisamehe. Sijaamua."

"Hujaamua, umeaga?"

"Nilikwenda kumuuliza maswali tu."

"Watu kumi na moja wamenipigia." Alisema bila kupandisha sauti, kisu kinaendelea. "Wa kwanza nilimwambia kakosea namba. Wa pili nikamwambia inshaallah. Wa tatu nikamshukuru."

"Ukamshukuru?"

"Ningesema nini? Kwamba mwanangu anaondoka na mie sijui? Nikasema tumefurahi sote. Mpaka mtu wa tano ndiyo nikajua unakwenda wapi."

Nilitaka kumweleza yote, barua ya kazi, mjane, mabomba, Ijumaa saa sita. Akainua kisu kidogo, si kwa kunitisha, kunizuia tu.

"Kesho. Leo nikisema ntasema vibaya."

Tulikula mihogo ile. Ilikuwa na nazi, na ilikuwa mizuri, na hilo lilinifanya nijione mbaya zaidi.

Siku ya pili niliuza miwani mingi kuliko kawaida, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu. Kila aliyenunua nilimwonea wivu: anajua anakokwenda, na yeyote anayehusika ameshajua. Niliporudi, mama alikuwa ameshafika. Alikuwa ndani ya sare yake, mezani, na mbele yake bahasha moja. Nikakaa mahali pangu, nikaivuta bahasha kwangu. Akaiwekea mkono.

"Hiyo baadaye. Lete simu. Nataka kuyaona hayo maswali."

Nilikuwa nimeyaandika kwa Kiswahili ili wenzangu kazini wasiyachungulie, kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Alivaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, pole pole, kama mwalimu anayesahihisha.

"'Nguo za ndani za sufu zinawasha?' Hili nalo swali? ... 'Nikiteleza kwenye barafu nikavunjika mguu peke yangu, nipige simu gani kwanza?' Mie. Kisha gari la hospitali. ... 'Je, mtu anaweza kusahau kuzungumza?' Wewe?" Akanitazama juu ya miwani. "Nenda zako." Akaendelea hivyo, jingine akilicheka, jingine akilijibu, jingine akiguna tu, na mimi nikihesabu kimoyomoyo, kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita.

La kumi na saba alilisoma kimoyomoyo.

"Hili kalitia nani?"

Mama aliiweka simu chini. Akaichukua ile bahasha, akaipasua kwa kidole gumba, akaikunjua karatasi, akainyoosha kwa kiganja. Na akaanza kuisoma, kwa Kiingereza, kwa lafudhi ileile anayosomea kila kitu, bila kukwama popote. Ilikuwa ya mafundi wa boila. Watakuja Jumatatu asubuhi kuikagua, awepo mtu mzima, awe ameondoa vitu vilivyo mbele yake. Alipofika mwisho akageuza karatasi.

"Na hapa nyuma wanasema ukiwa huna nafasi uwapigie siku mbili kabla. Hii ya nyuma wewe hukuwa ukinisomea. Kila mara unairuka."

"Mama."

"Nimekosea wapi? N'ambie."

"Hukukosea."

"Kila siku naandika ripoti za wazee kwa Kiingereza. Kala nini, kalala vipi, kaanguka saa ngapi. Madaktari wanazisoma. Ulidhani nani ananiandikia?"

Mimi ninayefikiria kila kitu, mimi niliyebeba begi la vitabu kuipima njia, hilo sikuwahi kulifikiria. Nilijua anafanya kazi pale. Nilijua majina ya wazee wake na nani anapenda chai yenye sukari. Ripoti hazikunijia hata mara moja. Nyumbani alikuwa mama asiyesoma barua, na mimi nilikuwa mtoto anayezisoma, na sikuwa nimeitazama tena picha ile tangu nikiwa na miaka kumi na moja.

"Basi kwa nini?" nikamwuliza. "Miaka yote hii?"

Alivua miwani, akaifunga, akaifungua tena.

"Baba'ko alipofariki ulikuwa hulali. Hukumbuki? Unakuja kitandani kwangu unaniuliza, barua imekuja? Imesemaje? Tutahamishwa? Nikikwambia haina kitu huniamini. Nikikwambia ni ya maji, wasema nakuficha. Mwezi mzima. Siku moja nimechoka, nikakupa. Nikasema mie sielewi, nisomee wewe. Ilikuwa ya maktaba, kitabu chako kimechelewa. Ukaisoma mara mbili. Ukanieleza vizuri, umekaa wima kama hakimu. Ukalala mpaka asubuhi." Akaikunja barua ya boila kwa mikunjo yake ileile. "Nikasema basi, dawa ndiyo hii."

"Miaka kumi na miwili, mama?"

"Ulikuwa unalala."

Sijui niieleze vipi ahueni ile. Nilitegemea nitaona aibu, na aibu ilikuwepo, lakini ndogo, imekaa pembeni. Kilichojaa ni wepesi, kama ule wa kuteremsha mzigo kichwani ukagundua shingo yako bado inageuka. Nilicheka. Nikacheka zaidi nilipofikiria zile ripoti, na mama akijizuia jioni kwa jioni asinisahihishe. Naye akaanza kucheka, akisema, "Na ile ya daktari wa macho uliyonifasiria ovyo! Nilikwenda siku siyo, nikajidai nimesahau."

Tulipotulia aliirudia simu, akayapitia maswali yaliyobaki mpaka mwisho.

"Humu hamna swali la kazi," akasema.

"La kazi lipi?"

"Lolote. Umeuliza soksi, umeuliza mbwa, umeuliza giza. Hukuuliza kama kazi utaiweza."

Nikafikiri. Alisema kweli. Arobaini na moja, na hata moja halikuhusu matope. Sikuwa nimewahi kulala macho kwa sababu ya matope.

"Kazi naijua, mama."

"Haya basi."

Alisema hivyo tu, akaenda kuwasha jiko. Nilimwuliza yeye atakuwaje. Akanambia chumba changu atatia cherehani, amekitamani siku nyingi. Kisha, akiwa amenipa mgongo, akaniuliza nitakuwa nikimpigia saa ngapi. Nikamwambia jioni, akitoka kazini, wakati wa barua. Akasema hiyo saa ni nzuri.

Sikungoja Ijumaa. Niliandika palepale mezani, magharibi haijaingia. Mistari mitatu: nashukuru, nakubali, naweza kuanza siku mliyoitaja. Nikaisoma. Nikabadili neno la kwanza. Nikalirudisha. Nikafikiri kama niongeze kwamba leseni ya udereva niliipata kwa jaribio la tatu.

"Imekosa nini?" mama akauliza.

"Haikukosa kitu."

"Bonyeza."

Nikabonyeza. Ilitoa ile sauti ndogo ya kuruka, ikaenda. Nikaufungua ukurasa wa maswali, nikalifuta la kumi na saba, na yaliyofuata yakapanda nafasi moja moja, yakawa arobaini.

Simu ya mama ikaanza kutetemeka tena. Shangazi wa Hounslow. Mama aliitazama, hakuipokea. Akazima jiko, akaifuta mikono kwa kanga iliyoning'inia mlangoni, akavuta kiti akaketi sawasawa, magoti pamoja, kama wanavyoketi wazee wakiwa na wageni.

"Sasa niage," akasema.

"Sasa hivi?"

"Umeshawaaga watu wote. Nimebaki mie."

Nilitoka jikoni nikasimama ukumbini, kwenye giza la makoti, karibu na lile la bibi. Halua sikuwa nayo, nilikuwa nimeimaliza Woolwich. Nikarudi, nikapiga hodi kwenye mlango uliokuwa wazi. Akaniitikia kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikaketi mbele yake, nikamweleza kazi ni nini, iko wapi, nitakaa kwa nani, naondoka lini. Alisikiliza kama hajawahi kusikia. Akauliza kuhusu mbwa. Nikamwambia analala kibandani. Akaniwekea mkono utosini, una harufu ya vitunguu, akanisomea, akanipa radhi zake.

Kisha akaigeuza simu iliyokuwa inatetemeka, akaipokea.

"Ndiyo, wifi," akasema. "Anakwenda. Keshaniaga."